Aliyevaa Boshori

Januari ya mwaka 2019 nilikuwa nauza muvi Kisauni. Kuuza ni kusema tu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuwajazia watu flashi, muvi moja shilingi ishirini, sirizi nzima mia. Nilikuwa nimeacha chuo Nairobi miezi michache kabla, karo imenishinda, na mwenye duka, rafiki ya kaka yangu, alinipa kile kiti huku mimi nikiwaambia watu wa nyumbani ati nimekuja kupumzika kidogo. Wateja wetu wengi walikuwa vijana wa rika langu na wadogo zangu. Walichotaka hakikubadilika sana: muvi za komando, na ikiwezekana ziwe zimesimuliwa na DJ Afro, manake kwao komando asiyesimuliwa na Afro ni kama pilau bila kachumbari.

Jumanne ya tarehe 15 mwezi huo, alasiri, washambuliaji wa Al-Shabaab waliingia hoteli ya DusitD2 na ofisi za jirani pale Riverside, Nairobi. Mmoja alijilipua, wengine wakaanza kufyatua risasi. Operesheni ilichukua karibu saa kumi na tisa. Watu 21 waliuawa, na Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba zaidi ya raia 700 walitolewa salama.

Siku mbili baadaye mwenye duka alikuja na picha amechapisha kubwa, akaibandika mlangoni. Picha hiyo unaijua. Ni ya mwanamume aliyevaa jinzi, fulana ya kuzuia risasi, bunduki mkononi, na boshori jeusi limefunika uso wote isipokuwa macho. Mteja wa kwanza kuiona alicheka kwa furaha akasema, "Sasa huyu ndiye staringi." Wiki ile simu za vijana zilijaa sura hiyo, kama mtu anaweza kuitwa na sura huku uso haupo.

Bango lilikaa siku nne. Siku ya tano akaja mama mmoja wa pale mtaani, muuza viazi karai, kupiga kopi ya kitambulisho. Alisimama mlangoni asiingie. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo picha itoe." Nilidhani ni bunduki inamtisha, nikaanza kumweleza kwamba huyu ni mtu mwema, huyu ndiye aliyeokoa watu Dusit. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Waliomchukua wangu walivaa hivyo hivyo."

Hakuongeza neno. Nilimpigia kopi yake, nikakataa pesa, na alipoondoka nikalibandua bango. Mwenye duka aliponiuliza, nilimwambia limeraruka na upepo.

Tangu siku hiyo sijaweza kuitazama ile picha kama wenzangu. Nimetazama muvi nyingi za makomando, kabla na baada, na nimesoma vitabu vyao kadhaa. Ninachotaka hapa ni kuisoma ile picha kama tunavyosoma riwaya: nani amewekwa katikati, nani amesukumwa pembeni, na nani analipia utukufu huo. Hoja yangu nitaisema mapema. Umaarufu wa vikosi hivi maalum huviharibu vyenyewe kutoka ndani, na sisi watazamaji hutufundisha kumtafuta staringi pale ambapo tulipaswa kuuliza maswali.

Tuanze na mtu mwenyewe. Magazeti ya Uingereza hayakukawia kusema kwamba alikuwa mwanajeshi wa SAS, kikosi maalum cha jeshi la Uingereza, aliyekuwapo Kenya kikazi. Serikali ya Uingereza ina desturi ya kutozungumzia vikosi vyake maalum, kwa hiyo uvumi ukapata uwanja mpana. Baadaye alijulikana kwa jina la Christian Craighead, akapewa nishani ya ushujaa, akaacha jeshi, akaandika kitabu kuhusu siku ile. Wizara ya Ulinzi ikamnyima ruhusa ya kukichapisha. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya London ikalikataa ombi lake.

Sina neno baya juu ya alichofanya mtu huyo. Aliingia mahali ambapo wengi wetu tungekimbia kutoka. Lakini tazama jinsi mambo yalivyopangika. Picha yake ilizunguka dunia nzima bila kizuizi, maneno yake yakafungiwa. Yaani tulipewa sehemu ya hadithi inayosisimua tukanyimwa sehemu inayoeleza: nani alimwita, nani alikuwa akiamrisha, alishirikiana vipi na askari wa Kenya, wapi mambo yalikwenda mrama. Boshori na bunduki vikabaki peke yake, na kitu kikibaki peke yake kila mtu hukijaza anachotaka. Mteja wangu alikijaza staringi wa muvi. Yule mama akakijaza kile alichokiona mlangoni mwake.

Halafu kuna picha nyingine ya siku ileile. Gazeti la New York Times lilichapisha kwenye tovuti yake picha ya watu waliouawa wakiwa wameketi mkahawani, miili imeinamia meza. Wakenya walikasirika, wakajaza Twitter malalamiko, na Baraza la Vyombo vya Habari nalo likataka picha iondolewe. Tulibishana wiki nzima kuhusu heshima ya maiti, na tulikuwa na haki ya kubishana. Ila sikumbuki mtu aliyeziweka picha hizo mbili kandokando. Ziweke sasa. Mwanajeshi wa kigeni amefunikwa uso ili usalama wake na wa kikosi chake ulindwe. Raia aliyekwenda kula chakula cha mchana yuko wazi, na mamake huko kijijini anaweza kumtambua kwa shati kabla serikali haijampigia simu. Nani katika hao wawili alihitaji zaidi kufunikwa?

Na kuna walioachwa nje ya picha zote mbili. Waliomaliza operesheni ile walikuwa askari wa Kenya, wakiwemo wale wa Recce, kikosi maalum cha GSU. Askari mmoja alikufa. Walikuwepo pia watu wa kawaida wenye leseni za bunduki, waliokuja kwa nguo za nyumbani kama walivyofanya wenzao Westgate mwaka 2013. Zipo picha za siku ile zinazowaonyesha wakiwaongoza wafanyakazi wa ofisi kutoka nje, mikono juu, viatu mkononi. Hazikuwa na boshori na jinzi, kwa hiyo hazikupata mlango wa kubandikwa.

Staringi huyu hakuzaliwa Riverside. Mtu akiniuliza alizaliwa wapi nitamwelekeza London, jioni ya tarehe 5 Mei 1980. Watu sita wenye silaha walikuwa wameuteka ubalozi wa Iran na kuwashika mateka 26. Siku ya sita SAS waliingia kwa kamba na mabomu, mbele ya kamera za televisheni, na BBC ikakatiza fainali ya dunia ya mchezo wa snuka ili watu waone. Dakika 17 kazi ilikuwa imekwisha. Watano kati ya watekaji waliuawa, na mateka karibu wote waliobaki ndani waliokolewa. Kabla ya jioni hiyo Waingereza wengi hawakuwa na habari kwamba kikosi hicho, kilichoundwa 1941 kwa vita vya Afrika Kaskazini, bado kipo. Baada ya jioni hiyo mtu mweusi wa boshori akawa mali ya umma. Miaka miwili na miezi michache baadaye muvi ikatoka.

Lakini hesabu vizuri. Dakika 17 ni za makomando. Siku sita zilizotangulia zilikuwa za maafisa wa polisi waliokaa kwenye simu wakibembeleza, wakipeleka chakula, wakinunua muda saa kwa saa. Mateka watano walitoka wakiwa hai kwa njia hiyo, bila risasi hata moja. Muvi gani umeona inayomfanya yule wa simu kuwa staringi? Kamera hupenda kamba na moshi. Mtu anayesema "tafadhali, tuongee tena saa nne" hana sura ya bango.

Jambo hili limetugusa sisi wenyewe. Tarehe 2 Aprili 2015 wanafunzi walishambuliwa katika Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya jua kuchomoza. Recce walikuwa Nairobi. Walifika baada ya saa nyingi, na walipoingia walimaliza kazi haraka. Watu 148 walikuwa wameuawa. Ni kweli magazeti yetu yaliuliza juu ya kuchelewa huko, na yaliuliza kwa ukali. Lakini sikiliza hadithi inavyosimuliwa leo kwenye vijiwe: utaambiwa Recce ni moto, ati waliingia wakamaliza mchezo kabla chai haijapoa. Zile saa za kungoja zimeanguka njiani kwa sababu hazina nafasi katika umbo la hadithi tuliyoizoea. Kwenye muvi staringi hafiki amechelewa. Akichelewa, basi ule ndio wakati wake. Mimi nilikuwa kidato wakati huo, na nakumbuka tulivyozisimulia zile dakika za mwisho darasani kwa mbwembwe. Waliokufa walikuwa wakubwa wetu kwa miaka michache tu, na chuo kilikuwa ndiyo ndoto yetu sote.

Kuna hasara nyingine, hii ni ya kazi yenyewe, na ilionekana zamani kabla ya simu za mkononi. Septemba 1972, wakati wa Olimpiki za Munich, polisi wa Ujerumani Magharibi walipanda juu ya jengo walimoshikiliwa wanamichezo wa Israeli ili wawashtukize watekaji. Kamera zilikuwa zikirusha moja kwa moja. Vyumba vya jengo hilo vilikuwa na televisheni. Watekaji wakawaona polisi kwenye kioo, na mpango ukavunjwa. Mwisho wa mkasa ule wanamichezo na makocha 11 walikuwa wamekufa. Mumbai, Novemba 2008, televisheni za India zilirusha makomando wakishuka kwa kamba kutoka helikopta, na baadaye Mahakama Kuu Kabisa ya India ikazikemea kwa kuhatarisha maisha. Kwa hiyo mtu wa usalama akikwambia usirushe picha za operesheni inayoendelea, usimwone mshamba. Hapo ana haki.

Ila hatari hiyo ni ya nje. Ile ya ndani ni ya polepole, na ndiyo inayonivutia kama msomaji, kwa sababu imeandikwa na makomando wenyewe.

Januari 1991, katika vita vya Ghuba, askari wanane wa SAS walipelekwa ndani ya Iraki. Waligunduliwa, wakatawanyika. Watatu walikufa, wanne walitekwa, mmoja akatembea mpaka Syria. Mwaka 1993 kiongozi wao aliandika kitabu kwa jina la Andy McNab, Bravo Two Zero, kikauza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1995 yule aliyetembea mpaka Syria akaandika chake kwa jina la Chris Ryan. Vitabu viwili, operesheni moja, na hadithi hazikubaliani. Mbaya zaidi, mmoja wa wale waliokufa alichorwa kwa namna ambayo familia yake haikuikubali, na yeye yuko kaburini, hawezi kuandika cha tatu. Ikabidi mtu mwingine, Michael Asher, aliyewahi kuwa katika kikosi cha akiba cha SAS, aende mwenyewe Iraki, aifuate njia yao kwa miguu na kuongea na familia za Mabedui waliokutana nao. Kitabu chake cha 2002 kilitilia shaka mengi ya yale mapigano makubwa tuliyosomewa.

Nilivyokisoma cha McNab nikiwa kidato cha tatu sikulala. Ni kitabu kinachokwenda mbio. Lakini sasa nikikirudia naona kasi hiyo ndiyo inayonifanya nisimame kidogo. Mabedui katika kitabu ni vivuli vya jangwani, watu wa kukimbiwa au kulengwa. Alipoenda Asher kumbe ni watu wenye majina, wenye nyumba, wanaokumbuka usiku ule na wanaoweza kusema nani alipiga risasi na ngapi. Shahidi alikuwepo miaka yote. Hakuna aliyemuuliza kwa sababu hakuwa staringi.

Uingereza ikaona hatari. Kuanzia 1996 wanajeshi wa vikosi maalum waliwekewa mkataba wa siri, na ni msingi huo uliokuja kumbana Craighead. Marekani ilifuata njia nyingine, ikafungua mlango yenyewe. Filamu ya Act of Valor ya 2012 ilianza kama mradi wa kuvutia makurutu wa jeshi la majini, na waigizaji wake wakuu walikuwa makomando wa SEAL ambao bado wako kazini. Nimeijaza kwenye flashi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ni muvi ya ajabu: risasi ni za kweli, wanaume ni wa kweli, na bado kila mtu anaongea kama tangazo la kazi. Hakuna anayekosea. Hakuna anayeogopa isipokuwa kwa namna inayompendeza mtazamaji. Sijaona uongo mkubwa kuliko ule unaotengenezwa kwa vifaa vya kweli tupu.

Mlango ulipofunguliwa haukufungika. Wakati huohuo wa 2012, mmoja wa SEAL waliomvamia Osama bin Laden kule Abbottabad mwaka uliotangulia alichapisha No Easy Day kwa jina la Mark Owen. Jina lake halisi, Matt Bissonnette, lilijulikana upesi. Hakuwa amekipitisha kitabu kwa wakaguzi wa serikali, na mwaka 2016 alikubali kurudisha zaidi ya dola milioni 6. Mwenzake, Robert O'Neill, alijitokeza hadharani 2014 kusema yeye ndiye aliyempiga Osama risasi za kumuua. Maelezo yao hayafanani. Watu waliokuwa katika operesheni moja wakaishia kugombania risasi mbele ya dunia, kama wachezaji wanaogombania penalti.

Mwaka huohuo wa 2014 mkuu wa makomando hao, Admirali Brian Losey, aliwaandikia barua kuwakumbusha kwamba maadili yao yanamkataza mtu kutangaza kazi yake wala kutafuta sifa. Na mwaka 2015 Forrest Crowell, afisa wa SEAL mwenyewe, aliandika tasnifu akisema umaarufu umezaa soko, soko limewavuta wenzake, na kikosi kinapoteza ubora wake wa vita pamoja na imani ya wananchi. Hebu fikiria. Maneno ambayo sisi wakosoaji tungeyasema tukaambiwa tuna wivu, yamesemwa na mtu aliyevaa nembo yao.

Sasa hapa ndipo watu wengi husimama. Wanasema: basi, tatizo ni domo. Turudi kwenye ukimya, makomando wafanye kazi gizani, waandishi wanyamaze, kamera zizimwe, na kila kitu kitakuwa salama. Nami ningekubali kama nisingekuwa nimefanya kazi Kisauni.

Novemba 2020 Australia ilitoa ripoti ya Jaji Brereton kuhusu askari wake maalum kule Afghanistan. Ilipata taarifa za kuaminika kwamba watu 39 waliuawa kinyume cha sheria. Askari maarufu kuliko wote wa kikosi hicho, Ben Roberts-Smith, alikuwa na Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote, na mwaka 2013 alitajwa kuwa Baba Bora wa Mwaka nchini kwake. Waandishi wa habari walipochapisha tuhuma dhidi yake, aliwashtaki kwa kumchafulia jina. Mwaka 2023 jaji alisema, kwa kipimo cha kesi za madai, kwamba tuhuma za mauaji zilikuwa na ukweli. Rufaa yake nayo ilikataliwa 2025. Yeye amezikana tuhuma hizo siku zote.

Angalia vitu viwili vilivyofanya kazi pamoja hapo. Sifa za nje zilimfanya asiguswe, na usiri wa ndani uliwafanya wenzake wasiseme. Umaarufu na ukimya, ambavyo tulidhani ni maadui, vilikuwa vimeshikana mikono. Uingereza nayo tangu 2023 ina uchunguzi wa umma kuhusu operesheni za usiku za vikosi vyake Afghanistan, na hata ndani ya uchunguzi huo SAS haitajwi kwa jina. Inaitwa UKSF1. Kikosi kilichoonekana na watu wengi kwenye televisheni, chenye rafu nzima za vitabu, hakina jina siku ya kuulizwa maswali.

Ndiyo sababu nasema boshori ni kitu cha kusomwa kwa makini. Humficha anayelinda, na humficha vilevile anayedhulumu, na anayesimama mlangoni usiku hana namna ya kutofautisha. Hapa Pwani mashirika kama Haki Africa na MUHURI yameandika kwa miaka visa vingi vya watu waliouawa au kuchukuliwa na watu wenye silaha, wakati mwingine kwenye magari yasiyo na namba, na familia zao kuzungushwa kituo hadi kituo. Hakuna aliyefanya muvi ya hao yenye kamba na helikopta. Yule mama muuza viazi hakuwa na kesi, hakuwa na kaburi, hakuwa na hata jina la kumlaani. Alichokuwa nacho ni umbo la kitambaa usoni, nasi tukalibandika mlangoni kwa fahari.

Je, inawezekana kusimulia ugaidi bila staringi? Inawezekana, na mfano uko nyumbani. Watu Wote, filamu fupi ya Katja Benrath ya 2017, iliyopigwa Kenya na kufika mpaka uteuzi wa Oscar, inahusu basi lililoshambuliwa Mandera Desemba 2015. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki mwezi uliofuata. Hakuna komando anayekuja kuwaokoa. Kuna wanawake wanaopitishiana mitandio kimyakimya, na mtu anayesema hapana huku sauti inatetemeka. Niliwawekea wateja kadhaa bila kuwaambia inahusu nini. Mmoja alinirudia akalalamika, "Sasa hii staringi ni nani?" Nikamwambia aitazame tena. Sijui kama aliitazama.

Siwaombi watu waache muvi za komando. Mimi mwenyewe sijaacha, na Ijumaa usiku ukinikuta nyumbani utasikia sauti ya Afro dirishani. Ninachowaomba waandishi na watengenezaji filamu wenzangu ni kugeuza kamera kidogo. Tuandikieni juu ya yule anayebembeleza kwenye simu siku ya nne. Tuandikieni juu ya zile saa za kungoja Garissa, saa moja baada ya nyingine, na nani alikuwa ameketi wapi. Tuandikieni juu ya askari wa Recce anayerudi nyumbani asubuhi asiweze kumwambia mkewe alikuwa wapi, bila kumfanya malaika wala shetani. Na mkimweka mtu wa boshori katikati ya fremu, mwoneni pia anayemtazama kutoka mlangoni.

Duka lile lilifungwa baadaye. Siku hizi watu wanapakua wenyewe. Yule mama bado anauza viazi palepale, na nikienda Kisauni hununua kwake. Tunaulizana habari za nyumbani. Hajawahi kunitajia bango, nami sijawahi kumuuliza kama mwanawe amerudi, kwa sababu angerudi ningemwona pale kwenye karai akimsaidia.